Mwanangu ana kifafa na kusoma kumemshinda: je, nisimamishe dawa?

Swali: Mama mmoja wa Ifakara ameandika kuhusu mwanawe wa kiume mwenye umri wa miaka 9, aliye darasa la tatu. Alipokuwa na miaka 3 aliugua malaria kali, akapata degedege na kupoteza fahamu. Miaka miwili baadaye kifafa kikaanza, mara nyingi usiku, na tangu hapo anatumia vidonge vya fenobabitoni. Sasa ni zaidi ya mwaka hajaanguka, lakini kusoma kumemshinda. Siku nyingine husoma ukurasa mzima, siku nyingine hukwama kwenye sentensi ya kwanza. Mwalimu anasema mtoto ni mzembe na anaota ndoto za mchana, mjomba wake anasema vitabu vinamchemsha ubongo na aachishwe shule, na mama mwenyewe anauliza: "Ni ugonjwa, ni dawa, au ni uvivu? Nikisimamisha dawa kwa muhula mmoja, hataweza kusoma?"

Jibu: Mama, naanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lisiloweza kusubiri. Tafadhali usisimamishe dawa, hata kwa wiki moja. Fenobabitoni ikikatwa ghafla, mgonjwa anaweza kupata degedege mfululizo, moja likifuata jingine kabla hajarudiwa na fahamu, na degedege linalozidi dakika 5 bila kukatika ni dharura inayoweza kuua au kuuachia ubongo kilema kikubwa kuliko hiki kinachokusumbua sasa. Ikibidi dawa hiyo ibadilishwe, hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki nyingi, wakati mwingine kwa miezi, huku daktari akifuatilia, na mara nyingi dawa nyingine huwa imekwisha kuanzishwa. Nitairudia habari ya dawa, maana wasiwasi wako juu yake una msingi.

Kuhusu uvivu, sioni dalili yake katika uliyoyaeleza. Mtoto anayesoma ukurasa mzima Jumatatu na kukwama kwenye sentensi ya kwanza Jumatano humfanya mwalimu aseme kwamba uwezo anao, ila hataki. Mimi naisoma habari hiyohiyo kwa namna nyingine, na kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote ulizoniandikia. Kwa mtoto mwenye kifafa, jambo la kwanza kuchunguza ni namna anavyoshindwa: je, ugumu wake hupanda na kushuka, au uko palepale kila siku? Ugumu unaopanda na kushuka mara nyingi hutokana na kitu ambacho nacho hupanda na kushuka, yaani vifafa vidogo visivyotambuliwa, usiku mbaya, au kiwango cha dawa mwilini. Ugumu ulio palepale kila siku na kwa kila kitabu hutokana zaidi na ufundi wa kusoma wenyewe, au na lugha. Watoto wengi wana yote mawili, na huenda mwanao ni mmoja wao, lakini hayatibiwi kwa njia moja, ndiyo maana inafaa yatenganishwe kabla mtu yeyote hajabadilisha chochote.

Tuanze na vifafa visivyotambuliwa. Kutoanguka kwa zaidi ya mwaka ni jambo la kushukuru, ila mtu anaweza kuacha kuanguka na kifafa kikaendelea. Ipo aina ya kifafa cha utotoni, ambayo kwa kawaida huanza kati ya umri wa miaka 4 na 10, ambapo mtoto haanguki wala hatetemeki. Anazubaa tu kwa sekunde kama 10, kisha anaendelea na alichokuwa akifanya, na hali hiyo inaweza kumpata mara nyingi kwa siku moja. Mtazame akiwa na kitabu. Anasoma "Baba alikwenda sokoni kununua", sauti inakatika, macho yanakaza mahali pamoja, pengine kope zinachezacheza, kidole kimesimama juu ya neno lilelile. Kisha sauti inarudi, lakini inarudi kwenye mstari wa chini, na ukimuuliza baba alikwenda kununua nini hajui, wala hajui kwamba kuna kitu kilichompita. Katika darasa lenye wanafunzi wengi, mwalimu aliye ubaoni ataona mtoto anayeota ndoto za mchana. Simlaumu mwalimu huyo, ila kauli yake hiyo ndiyo iliyonifanya nishuku.

Unaweza kupambanua mwenyewe kwa kiasi fulani. Mtoto aliyezama katika mawazo huzinduka ukimgusa bega au ukimwita kwa jina; aliye katika kifafa cha kuzubaa hazinduki, na hali hiyo humkuta hata akiwa katikati ya kula, kucheza au kuzungumza. Kliniki, daktari humshikisha mtoto kipande cha karatasi mbele ya mdomo na kumwambia akipulize mfululizo kwa dakika 3 hivi, kwa sababu kupumua kwa nguvu huichokoza aina hii ya kifafa ikajitokeza hapohapo. Jaribio hilo liache lifanyike kliniki. Nyumbani, kazi yako iwe kurekodi video kwa simu pale anapozubaa, hata ikiwa ya sekunde 20 tu, kwa kuwa video moja humsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Hapa fenobabitoni inahusika kwa namna ambayo wazazi wengi hawaambiwi. Dawa hii huzuia vizuri kifafa cha kuanguka na kukakamaa, lakini kwa kifafa cha kuzubaa haisaidii. Inawezekana kabisa mtoto akaacha kuanguka, familia ikapumua, huku vifafa vidogo vikiendelea kumkatiakatia masomo siku nzima. Ikithibitika kwamba ndivyo ilivyo, dawa zinazofaa ni ethosuksimidi au sodiamu valproeti. Utafiti uliofanyika Marekani kwa watoto 453 wenye kifafa hicho, na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba dawa hizo mbili zilikidhibiti vizuri kuliko lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa, na kwamba ethosuksimidi iliwavuruga umakini watoto wachache kuliko valproeti. Tatizo ni kwamba ethosuksimidi si rahisi kuipata katika maduka mengi ya dawa ya mikoani. Fahamu pia kwamba kabamazepini na fenitoini, dawa za kifafa ambazo ni za kawaida katika kliniki zetu, zinaweza kukizidisha kifafa cha kuzubaa. Kwa hiyo asije mtu akakubadilishia dawa dukani kwa kukisia.

Usiku nao unahitaji kuangaliwa, hasa kwa kuwa kifafa chake kilianza kikimjia usiku. Kipo kifafa cha utotoni kinachokuja mtoto akiwa usingizini: upande mmoja wa uso unavutwa, mate yanamtoka, anataka kusema na maneno hayatoki. Kwa kawaida huisha chenyewe katika miaka ya ujana, na kwa sababu hiyo kwa muda mrefu kilihesabiwa kuwa hakina madhara. Lakini imeonekana kwamba watoto wenye kifafa hicho hupata shida ya kusoma, na ya kutenganisha sauti za maneno, zaidi ya wenzao. Malaria kali aliyougua mwanao inaweza kuwa ndiyo chanzo cha kifafa chake, lakini swali linabaki lilelile: asubuhi huamka vipi? Ukikuta shuka limelowa mkojo ilhali alikwisha kuacha kukojoa kitandani, ulimi umeng'atwa, mto umelowa mate, au analalamika kichwa na misuli, huenda usiku kulikuwa na degedege ambalo hakuna aliyeliona, na siku hiyo hatasoma vizuri hata ukimsimamia. Tena, ubongo huhifadhi wakati wa usingizi yale uliyojifunza mchana, na umeme wake, yaani ishara ambazo sehemu zake hutumiana, usipotulia usiku unaweza kuivuruga kazi hiyo hata pasipo degedege. Kipimo cha umeme wa ubongo, ambacho hospitalini mtasikia kikiitwa EEG, kikifanywa mtoto akiwa macho tu kinaweza kuyakosa haya. Mkipewa rufaa ya kwenda Muhimbili au hospitali nyingine yenye kipimo hicho, ulizeni kama anaweza kupimwa akiwa macho na akiwa amelala.

Sasa dawa yenyewe. Fenobabitoni ina bei nafuu, inaweza kunywewa mara moja kwa siku, na Shirika la Afya Duniani limeendelea kuipendekeza mahali ambapo dawa nyingine hazipatikani kwa urahisi. Hata hivyo, baadhi ya watoto huwaletea usingizi na uzito wa kufikiri, na wengine, jambo linalowashangaza wazazi, huwaletea utundu na kutotulia. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watoto wadogo waliopewa dawa hiyo kwa ajili ya degedege la homa: baada ya miaka miwili, alama zao za vipimo vya akili zilikuwa chini kwa wastani wa pointi 8.4 kuliko za wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake, na walipopimwa tena baada ya kufikia umri wa shule, bado walikuwa nyuma katika kusoma. Matokeo hayo ni mazito, lakini yasomwe kwa uangalifu, kwa sababu watoto wale walikuwa na degedege la homa tu, ambalo mara nyingi halihitaji dawa ya kila siku, wakati mwanao ana kifafa ambacho kikiachwa bila tiba kitamrudisha nyuma zaidi. Utafiti mwingine, wa Bangladesh, uliochapishwa mwaka 2007, uliwalinganisha watoto wenye kifafa waliotumia fenobabitoni na waliotumia kabamazepini, na haukuona kwamba fenobabitoni ilileta matatizo zaidi ya tabia. Maoni yangu ni kwamba kwa mtoto anayejifunza kusoma, fenobabitoni inakubalika kuwa dawa ya kuanzia pale ambapo nyingine haipo, lakini haifai kuachwa kwa miaka minne bila mtu kuuliza tena kama bado inamfaa. Muulize daktari swali hilo waziwazi. Muulize pia kama dozi inalingana na uzito wake wa sasa, na kama anaweza kuinywa usiku, kwa kuwa akiinywa asubuhi usingizi wa dawa utamkuta darasani. Na siku ambazo vidonge vilikwisha zahanati, zitaje bila kuona haya, maana daktari asipozijua anaweza kudhani dawa imeshindwa.

Tuseme sasa umeme wa ubongo umetulia, usingizi ni mzuri na dawa imerekebishwa, na bado mtoto anasoma kwa shida. Hapo inabidi kutazama kusoma kwenyewe, na katika hilo Kiswahili kina nafuu na kina mtego wake. Nafuu ni kwamba maneno husomwa yalivyoandikwa, hivyo mtoto akishazijua silabi anaweza kulitamka karibu neno lolote. Mtego ni kwamba ugumu unajificha: mtoto hakosei sana, ila anachelewa mno, na mzazi aliye jikoni akimsikia anafikiri anasoma. Mpe sentensi "Wanakijiji walipokuwa wakivuna mpunga, mvua ilianza kunyesha." Atasoma wa-na-ki-ji-ji, atatua, atasoma wa-li-po-ku-wa, atatua tena, na anapoifikia mvua wale wanakijiji wamekwisha kumtoka kichwani. Maneno yetu ni marefu, kitenzi kimoja kikiwa kimembeba mtenda, wakati na tendo kwa pamoja, na kukishikilia kichwani mpaka kifike mwisho kunahitaji kumbukumbu ya muda mfupi. Kumbukumbu hiyo ni miongoni mwa vitu vinavyodhoofika kwa watoto wengi wenye kifafa, na kwa baadhi ya walionusurika malaria ya ubongo. Watafiti wa Kilifi, Kenya, waliowafuatilia watoto walionusurika malaria kali, waliwakuta baadhi yao wakiwa na upungufu wa lugha na kumbukumbu miaka kadhaa baada ya kupona, na wengine wakiwa wamepata kifafa.

Mpime mwenyewe jioni moja akiwa ametulia, bila kumwambia kwamba ni mtihani. Mfungulie ukurasa asioujua kabisa, maana watoto wengi wamekariri kitabu chao cha darasa la kwanza kiasi kwamba wanakisoma hata ukikipindua juu chini. Kisha mwandikie maneno yasiyo na maana, kama tesuba, mwefo, ngwilo na bandeshu. Akishindwa haya ilhali anasoma "mama" na "shule" bila shida, anatambua sura za maneno aliyoyazoea, silabi zenyewe hajazimiliki. Halafu funga daftari, mwambie atamke "parachichi" akipiga kofi kwa kila silabi, na aondoe "ma" kwenye "maembe" aseme kinachobaki. Akikwama hapo, kinachomshinda ni kusikia na kutenganisha sauti, na mafundisho yaanzie hapo, kwa mdomo kabla ya maandishi. Mwisho, msomee wewe hadithi fupi umuulize maswali, na kama nyumbani mnazungumza Kipogoro au Kindamba, msimulie nyingine kwa lugha hiyo. Akijibu vizuri hadithi aliyosomewa na kushindwa ile aliyoisoma mwenyewe, uelewa wake ni mzuri na mzigo uko kwenye usomaji. Asipoelewa hata anaposomewa, shida ni pana zaidi, na ningetaka apimwe masikio na lugha. Macho yapimwe kwa vyovyote vile. Nimeona watoto waliohesabiwa kuwa wazito wa kusoma kumbe ubao hawauoni.

Lipo jambo moja ambalo likitokea usingoje tarehe ya kliniki. Mtoto aliyekuwa akisema vizuri akaanza kupoteza maneno, au akawa kama hasikii anaposemeshwa ilhali masikio ni mazima, anahitaji kuonwa na daktari mapema, kwa sababu kuna kifafa adimu kinachoshambulia sehemu ya ubongo inayoshughulikia lugha, na tiba yake haifai kucheleweshwa. Na kwa kuwa mnaishi Ifakara, nina swali la ziada: je, mwanao huinamisha kichwa mara kwa mara kama anayesinzia, hasa chakula kinapowekwa mbele yake? Katika milima ya Mahenge, jirani na kwenu, Dk. Louise Jilek-Aall aliandika habari za watoto wa namna hiyo tangu miaka ya 1960, na watafiti waliomfuata wamekihusisha kifafa cha eneo hilo na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wa kando ya mito. Wengi wa watoto hao hurudi nyuma katika masomo. Kama umewahi kuiona dalili hiyo, itaje, na kampeni ya dawa za usubi inapopita, mwambie mgawa dawa kuhusu kifafa chake na uhakikishe mtoto hasahauliki.

Mjomba aelezwe kwa heshima kwamba vitabu havichemshi ubongo. Ni kweli ipo aina adimu ya kifafa inayochokozwa na kusoma, taya likirukaruka mtu anaposoma, na madaktari waliieleza tangu mwaka 1956. Lakini kwa kawaida huanza katika ujana, na haifanani na ulichokieleza. Vichokozi vya kawaida ni kukosa usingizi, homa na kuruka dozi, kwa hiyo ningependa zaidi mjomba awe mkali juu ya saa ya kulala, na azuie tuisheni za usiku, ambazo kwa mtoto huyu zina hasara kuliko faida. Nyumbani asome dakika 15 kila siku, saa ambayo umeona yu macho vizuri, akirudia kifungu kifupi kilekile kwa siku kadhaa mpaka kitiririke, huku akitelezesha kipande cha karatasi chini ya mstari anaosoma. Siku aliyopata degedege asisomeshwe kabisa.

Shuleni nenda na barua ya daktari, na uongee na mwalimu wa darasa ana kwa ana. Mwombe amkalishe mbele, na anapomwona amezubaa asimchape wala asimkemee, bali angoje macho yarudi, amwonyeshe kwa kidole mahali alipoishia na kurudia maelekezo. Mwombe pia asiache kumwita asome kwa sauti kwa kuogopa kumchokoza, kwa kuwa mtoto ambaye hasomeshwi mbele ya wenzake huacha kujaribu, na wenzake huanza kuamini zile habari kwamba povu la kifafa linaambukiza. Haliambukizi, na ni vizuri mwalimu aliseme hilo darasani kwa kinywa chake mwenyewe.

Kuhusu kumhamishia kitengo cha elimu maalumu, ningesubiri. Uamuzi huo usifanywe kabla vifafa vya kuzubaa havijachunguzwa na dawa haijapitiwa upya, kwa sababu mtoto anayeweza kusoma ukurasa mzima katika siku yake nzuri huenda akabadilika sana mambo hayo mawili yakirekebishwa. Ipite miezi sita hivi ya tiba iliyonyooka na mazoezi ya kila siku, na kama bado hasogei, mwombeni mwalimu mkuu awaunganishe na afisa wa elimu maalumu wa halmashauri ili apimwe rasmi. Mwakani atakabiliwa na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Upo utaratibu wa kuwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, lakini taarifa zao hutakiwa kutoka shuleni mapema, wakati wa usajili; kwa hiyo muulize mwalimu mkuu tangu sasa kama mwanao anaweza kuingizwa, na umkabidhi nakala ya barua ya daktari aiweke kwenye jalada lake.